Gari lilikuwa uani, ufunguo ninao, na sikuweza kulitoa

Saa nane usiku mume wangu aliniamsha kwa kunishika mkono. Hakusema kitu. Nilipowasha taa nilimkuta amejikunja upande mmoja, jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa, na mkono mmoja ameukandamiza kwenye kinena. Ngiri aliyokaa nayo miaka mingi, ile aliyokuwa akisema "nitaifanyia upasuaji likizo ijayo", ilikuwa imetoka, na safari hii ilikataa kurudi ndani.

Gari lilikuwa uani. Lilikuwa na mafuta ya kutosha kufika Musoma na kurudi. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Leseni ninayo, daraja D, na haijaisha muda. Tunaishi Balili, hapa Bunda mjini, na kutoka kwetu hadi hospitali kwa gari si zaidi ya dakika 10. Sisi usiku ule tulitumia saa 1 na dakika 20.

Wazazi wenzangu, naandika ili niwaeleze muda huo ulikwenda wapi.

Gari letu ni Toyota Altezza. Akina baba wengi wakisikia jina hilo hawahitaji maelezo. Kwa wenzangu ambao gari kwao ni gari tu, Altezza ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Kwa kuitazama ni saluni ya kawaida yenye milango minne, lakini imeundwa kwa tabia ya gari la michezo. Inasukumwa na matairi ya nyuma, imeinama chini, na ile inayoitwa RS200 ina injini ya lita 2 yenye nguvu farasi 210. Nguvu hizo huzipata zote injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, yaani ikiwa inalia kweli kweli. Mjini tunatakiwa kwenda kilomita 50 kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mume wangu anafanya kazi Musoma. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Aliitamani Altezza tangu hatujaoana. Alipopata fedha, yalipatikana magari mawili kwa wakati mmoja: moja lilikuwa Mwanza, la otomatiki, na lingine lilikuwa Musoma, lenye gia 6 za mkono, zile mafundi wetu huziita manyuo. Aliniuliza napenda rangi gani. Gia hakuniuliza. Na mimi, nikiri tu, sikuona kama ni jambo la kuulizwa.

Sababu zake alizieleza mara nyingi, mezani, mbele ya wageni, hata mbele ya shemeji zangu ambao hawana baiskeli. Marehemu baba yake alikuwa mpenzi wa mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, na akamlea mtoto wake kwa hadithi za madereva wa matope na vumbi. "Gari la michezo la otomatiki," alikuwa akisema, "ni kama litungu linalojipiga lenyewe."

Alikuwa pia na sababu za maana, wala sizibezi. Otomatiki za zamani husitasita kidogo kabla ya kushusha gia, na ukiwa unalipita lori kwenye barabara ya Kiabakari hutaki gari linalosita. Kwenye mteremko, gia ndogo inalizuia gari bila kuunguza breki. Betri ikifa, gari la gia za mkono mnalisukuma linawaka, na la otomatiki mnalisukuma mpaka mchoke. Pleti ya klachi ikiisha, fundi wa hapa hapa Bunda ataibadilisha. Giaboksi ya otomatiki ukiiwekea mafuta yasiyo yake, jiandae kulia.

Yote ni kweli. Ila katika sababu zote hizo hapakuwa na hata moja iliyouliza nani mwingine nyumbani ataliendesha gari hilo.

Mimi nilijifunza udereva miaka 9 kabla ya usiku ule, kwenye gari la mafunzo la gia za mkono. Nilisoma wiki chache, nikafanya mtihani, nikapita. Baada ya hapo gari pekee nililoendesha ni Vitz ya kaka yangu pale Nyasho, Musoma. Ni ya otomatiki. Unaweka kwenye D, unaachia breki, linatambaa. Mguu wa kushoto ukasahau kazi yake kabisa. Leseni haikujua kwamba nimesahau, na mimi mwenyewe sikujua.

Nilikuja kujua saa nane usiku.

Tulimlaza kiti cha nyuma, mimi na mwanangu mkubwa, mwenye miaka 16. Gari lilikuwa limeegeshwa pua ikitazama ukuta, kwa hiyo ilibidi litoke kinyumenyume. Niliwasha, likawaka. Nikahangaika na gia ya nyuma mpaka ikaingia. Nikaachia klachi, likaruka kama chura, likazima. Nikawasha tena. Likaruka, likazima. Mara ya tatu nikakanyaga mafuta kwa hasira, likanguruma mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka, ikaja harufu ya kitu kinachoungua, likazima.

Mume wangu alikuwa akinielekeza kutoka kiti cha nyuma. "Mguu wa kushoto... taratibu... ukisikia inashika, subiri..." Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio.

Hapo mwanangu akafungua mlango wa upande wangu. "Mama, toka. Mimi najua."

Sikumshangaa. Kila Jumamosi ndiye anayeliosha gari lile, na nilikuwa nimewahi kumwona akilisogeza mita chache hapo uani baba yake akiwa kando anacheka. Najua watoto. Wanachokitazama kwa mapenzi wanakijua kuliko tunavyodhani.

Nilimtazama. Nikatazama geti. Nikasema hapana.

"Mama, baba anakufa!"

Nikamwambia akimbie kwa mzee jirani yetu anayeendesha Fuso, agonge mpaka afunguliwe. Akakimbia akilia. Simu ya yule mzee ilikuwa imezimwa kwa sababu alikuwa amerudi jioni ile kutoka Sirari na alitaka alale. Nilimpigia kijana wa bodaboda, akaja haraka, Mungu ambariki, lakini mtu aliyejikunja vile hakai kwenye pikipiki. Tulijaribu. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu nimfahamu.

Yule mzee alikuja pekupeku, shati amelivaa kwa nyuma. Akasogeza kiti, akakaa, akalitoa gari uani kwa mkupuo mmoja, kimya, kama mtu anayechota sukari kwa kijiko. Hapo saa ya simu yangu ilisoma saa tisa na dakika 10.

Alifanyiwa upasuaji kabla ya kupambazuka. Daktari alinieleza baadaye kwamba ngiri ikibanwa, utumbo ulionaswa hukosa damu, na sehemu isiyopata damu hufa kadiri saa zinavyokwenda. Walilazimika kukata kipande. Hakusema kwamba kile kipande kilikufa ndani ya ile saa yangu ya kuhangaika na klachi. Nami sikumuuliza. Maumivu yalikuwa yameanza mapema, yeye akayaficha, na kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya "likizo ijayo". Lakini wakati mwingine usiku bado naihesabu ile saa.

Aliporudi nyumbani alikatazwa kuinua vitu vizito na kujikamua kwa wiki kadhaa. Siku moja alijaribu kukanyaga klachi, gari likiwa limezimwa, aone tu. Akatoka ameshika tumbo. Basi tukawa na gari la nguvu farasi 210 ambalo hakuna mtu nyumbani wa kuliendesha.

Kikao cha familia kikakaa. Shemeji yangu alikuja na pendekezo lililokwisha kupikwa: kuna mtu Mwanza ana Altezza ya otomatiki, AS200, ile yenye injini tulivu zaidi ya silinda 6, yuko tayari kubadilishana tukimwongeza milioni 3. "Mtasaidika wote," alisema, kisha akaongeza, "maana mwanamke na klachi ni wapi na wapi."

Lile la kwanza lilikuwa na akili. Naomba nilisema wazi, kwa kuwa wengine mtadhani nimeandika kusifia gia za mkono. Kama gari letu lingekuwa la otomatiki usiku ule, ningeweka kwenye R, ningetoka, na mume wangu angefika hospitali ndani ya robo saa. Hilo halina ubishi.

Hata mume wangu alianza kulegea. Alikuwa amelala siku nyingi, simu ndiyo rafiki yake, akanisomea kwamba Ferrari yenyewe siku hizi haiuzi gari jipya lenye pedali ya klachi. Kompyuta na klachi mbili za ndani hubadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. "Kumbe hata kwenye kasi tumeshashindwa," alisema, akacheka, akajishika mshono. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu arudi.

Nilipiga hesabu zangu. Milioni 3 ilikuwa ada. Giaboksi ya otomatiki ya gari la miaka zaidi ya 20, ambalo hatujui lilitunzwaje, inaweza kutudai milioni nyingine. Na mimi nilihitaji kitu kimoja tu ambacho niliwahi kukijua. Nikasema, "Msiuze. Nitajifunza."

Mume wangu alijitolea kunifundisha. Wenye ndoa mnajua kilichofuata. Siku ya kwanza tulirudi hatusemeshani. Siku ya pili aliniambia "unaliua gari", nikamwambia "nililiua lini, si nilitaka kukuokoa wewe?" Tukakaa ndani ya gari kwenye uwanja wa mpira, vijana wanatutazama, sote tunalia. Hapakuwa na siku ya tatu.

Nikaenda kwa mzee wa Fuso. Ilikuwa likizo ya Juni, mimi ni mwalimu, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Alikataa fedha, akasema nikienda Musoma nimletee sato wakubwa kutoka Mwigobero. Kabla ya kuwasha gari alikaa chini ya mwembe akanieleza.

"Mwalimu, injini inazunguka wakati wote. Matairi yamesimama. Ni watu wawili, mmoja anakimbia, mwingine amesimama. Klachi ndiyo inayowashikanisha mikono. Ukiwashikanisha ghafla, wanaanguka wote. Gari linazima. Wape muda washikane. Kwenye otomatiki kazi hiyo inafanywa na mafuta, ndiyo maana hukuwahi kuiona."

Miaka 9 nyuma hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa "kanyaga, achia, kanyaga, achia", kama mtu anayefundishwa cherehani.

Siku tatu za mwanzo hakuniruhusu kugusa mafuta. Ilikuwa kuachia klachi tu, polepole, mpaka gari linaanza kutetemeka kidogo na mlio wa injini unashuka. "Hapo," anasema. "Hapo ndipo wameshikana. Usitazame mguu, sikiliza." Nilipopajua pale mahali, mengine yakafuata. Wiki ya pili alinipeleka kwenye mwinuko chini ya mlima Balili, akanisimamisha katikati ya kilima, bodaboda na punda nyuma yangu. Unavuta hendibreki, unaiachia klachi mpaka ishike, unaongeza mafuta kidogo, ndipo unashusha hendibreki. Mara ya kwanza nilirudi nyuma, mwenye punda akanitukana kwa Kijita. Mara ya kumi gari lilipanda kama limevutwa kwa kamba.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nilianza kulipenda. Nilipoweza kushuka kutoka gia ya nne hadi ya tatu na injini ikaitika, nilielewa lile litungu la mume wangu. Sikumwambia mapema, nilitaka asote kidogo.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, shule zilifungwa na ofisi zilifungwa, tukaenda Butiama kumsalimia mama mkwe. Niliendesha mimi. Tukaipita Kiabakari, tukafika Makutano, tukakunja kulia kuelekea Butiama. Mume wangu alikuwa kiti cha kushoto, mkono wake wa kulia ukisogea wenyewe kila ninapobadilisha gia, kama mtu anayekula kwa macho. Njia nzima alinikosoa mara moja tu, na alikuwa sahihi.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichambua mtama. Aliona mlango wa dereva ukifunguka, nikashuka mimi. Nikamwamkia. Akaitikia, akamtazama mwanawe aliyekuwa akizunguka gari polepole.

"Umemleta?"

"Nimemleta, mama."

"Basi na siku nyingine mlete wewe," akasema, akarudi kwenye mtama wake.

Limebaki lile la mwanangu, ambalo ni gumu kuliko klachi.

Kwa miezi kadhaa hakulitaja. Alikuwa mpole kupita kiasi, na mzazi anajua upole wa namna hiyo. Jioni moja tukiosha vyombo akasema bila kunitazama, "Mama, usiku ule ningeweza."

Nilifikiri nimjibu kuhusu sheria. Leseni ni miaka 18, wewe ulikuwa 16, ungekamatwa. Lakini usiku ule sikuwaza trafiki hata kidogo, na mtoto wa umri ule anajua ukimdanganya.

Nikamwambia, "Huenda ungeweza. Lakini kama ungeshindwa, kama ungegonga, au baba yako angefia kwenye kiti cha nyuma wewe ukiwa umeshika usukani, ungelibeba hilo mpaka unazeeka. Nilitaka kama ni la kubebwa, nilibebe mimi."

Akasugua sufuria muda mrefu. Kisha akauliza, "Na kama baba angekufa kwa sababu tulichelewa?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nimewauliza wazazi wenzangu, wengine wanasema nilifanya vema, wengine wanasema maisha ya mtu hayangoji leseni. Mimi ninachojua ni kwamba mtoto hakupaswa kufikishwa pale. Swali lile lilikuwa letu sisi wawili, siku tuliponunua gari, na hatukuulizana.

Kwa hiyo, ukiwa wewe au mwenzako mnataka kununua gari, liwe la michezo au la kubebea mahindi, na mmefika kwenye gia, ongeeni mambo haya. Nani wengine nyumbani wataliendesha? Je, mguu wa kushoto wa kila mmoja ni mzima? Kama mama ana goti bovu au baba ana mgongo, otomatiki ni rehema, chukueni bila aibu. Kama mmechagua gia za mkono, nani atamfundisha asiyejua, na lini? Jibu la "atajifunza polepole" ni ndugu yake "likizo ijayo".

Kisha jaribuni, tena usiku. Mwenye leseni asiyeliendesha kila siku aingie, awashe, alitoe uani peke yake, bila mtu wa kumwelekeza. Akiweza mchana wa Jumapili mkiwa mnacheka, bado hamjajua.

Kwetu, kila Jumamosi mimi ndiye ninayeendesha, hata kama safari ni ya sokoni tu, ili mguu usisahau tena. Mwanangu atakapofikisha miaka 18 ataanza kwa mzee wa Fuso, chini ya mwembe. Ameshaambiwa bei ni sato.

Ufunguo bado uko kwenye msumari ule ule. Ila siku hizi, kila jioni, yeyote anayerudi na gari hulizungusha kwanza ndipo alizime. Linalala limetazama geti.